Waya Mmoja, Wapangaji Wengi: Jinsi VLAN Inavyomtenga Kila Mteja wa Intaneti

Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaotumia intaneti ya nyumbani hawana laini ya peke yao. Mtoa huduma hufikisha waya mmoja kwenye jengo, waya huo huingizwa katika kifaa kiitwacho swichi, na kutoka hapo kila mpangaji, duka na ofisi huvutiwa tawi lake. Mpango huu umesaidia kuifanya huduma iwe nafuu. Hata hivyo, una swali ambalo wateja wengi hawaliulizi siku ya kuunganishwa: ikiwa waya ni mmoja na swichi ni moja, ni kitu gani kinachomzuia jirani kuzifikia kompyuta, kamera na printa za jirani yake?

Swichi ikiachwa jinsi ilivyotoka dukani, swichi yenyewe haizuii chochote. Kinga inayobaki ni ile ya kifaa cha mteja, kama ipo. Lakini kizuizi kinapatikana. Kinaitwa VLAN, na mara nyingi hakihitaji waya mpya wala kuchimba ukuta. Kinahitaji swichi inayofaa na fundi anayejua kazi yake.

Somo la toleo hili linaeleza VLAN ni nini, inavyopangwa katika jengo la kawaida la kupangisha, na maswali ambayo mkazi ana haki ya kumuuliza anayemuuzia intaneti.

MITA THELATHINI ZA MWISHO

Mombasa ndiyo lango la bahari la intaneti ya Kenya. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS, inayotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ilifika pwani hii, na mwaka huo huo ikafika SEACOM. EASSy ilifuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, nchi ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ng'ambo, na gharama ilikuwa kubwa.

Safari ya maelfu ya kilomita chini ya bahari hulindwa na wahandisi na mitambo ya gharama kubwa. Mita thelathini za mwisho, kutoka kwenye swichi iliyo chini ya ngazi hadi chumbani kwa mpangaji, mara nyingi huachiwa fundi mmoja na siku moja ya kazi. Hapo ndipo usalama wa mteja hupatikana au hupotea.

Picha rahisi ni ile ya nyumba ya Kiswahili ya kupangisha. Mlango wa mbele ni mmoja, ukumbi wa katikati ni mmoja, na vyumba vimepangana huku na huku. Wapangaji hupishana ukumbini kila siku, lakini kila mmoja ana mlango wake na kufuli yake. Mtandao usiotengwa ni nyumba hiyo hiyo iliyong'olewa milango ya vyumba. Wapangaji wanaweza kuishi hivyo mwaka mzima bila kuibiwa hata kijiko, lakini hakuna ambaye angeikubali nyumba ya namna hiyo kama angeambiwa mapema.

SWICHI HUFANYA NINI

Kila kifaa cha mtandao kina anwani yake ya kiwandani iitwayo anwani ya MAC, yenye urefu wa biti 48. Swichi hujifunza ni anwani gani iko kwenye tundu gani. Data ikifika, huipeleka kwenye tundu la mwenyewe pekee. Kwa hiyo, kwa kawaida, data ya mpangaji wa chumba cha 3 haipiti chumba cha 5.

Tatizo huanza pale kifaa kinapotafuta kingine ambacho hakijui kiliko. Hapo hupiga mbiu: "Nani mwenye anwani hii ya IP?" Swichi huusambaza wito huo kwenye matundu yote, na yeyote anaweza kujibu. Utaratibu huo unaitwa ARP na uliandikwa mwaka 1982, enzi ambazo mtandao wa ndani ulikuwa wa watu wa ofisi moja wanaofahamiana. Hauna njia ya kuhakikisha kwamba anayejibu ndiye mwenyewe. Unamwamini kila anayesema "ni mimi".

Katika jengo la wapangaji wasiojuana, imani hiyo huzaa matatizo manne.

La kwanza, na pengine linalowasumbua watu mara nyingi zaidi, halina mhalifu. Mpangaji ananunua ruta yake mjini na kuchomeka waya wa ukutani kwenye tundu lisilo lake. Ruta hiyo inaanza kugawa anwani za IP, si chumbani kwake tu, bali jengo zima. Simu na kompyuta za majirani zinapokea anwani zisizofaa, na intaneti inakatika kwa watu ambao hawakugusa chochote. Fundi huitwa, huzima na kuwasha vifaa, na huenda asijue kosa liko chumba gani.

La pili ni la makusudi. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kujibu mbiu ya ARP kwa uongo na kujifanya kwamba yeye ndiye lango la kutokea nje. Data ya majirani huanza kupitia kwake. Tovuti nyingi siku hizi husimba mawasiliano, kwa hiyo hawezi kusoma nywila ya benki kirahisi. Lakini anaweza kuona ni huduma gani jirani anatembelea, anaweza kuikata, na anaweza kujaribu kumpeleka kwenye ukurasa bandia.

La tatu ni vifaa vilivyo wazi. Printa ya duka la huduma za kompyuta, kinasa picha cha kamera za usalama na folda iliyowekwa ishirikiwe huonekana kwa kila aliye kwenye mtandao huo. Kamera ambayo nywila yake bado ni ile ya kiwandani ni dirisha lililoachwa wazi usiku.

La nne ni programu haribifu zinazojisambaza zenyewe. Mnamo Mei 2017, programu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia kasoro katika utaratibu wa kushiriki mafaili wa Windows. Haikuhitaji mtu abonyeze kiungo katika kila kompyuta. Ikishaingia kwenye mtandao mmoja, ilihama yenyewe hadi mashine za jirani ambazo hazikuwa zimesasishwa. Hospitali nyingi za umma nchini Uingereza zilivurugikiwa na kazi. Katika jengo lisilotengwa, kompyuta moja ya zamani huweka zote hatarini.

Jambo moja lifafanuliwe ili kuondoa hofu isiyo na msingi. Muamala wa M-Pesa unaofanywa kupitia menyu ya laini ya simu haupiti kwenye swichi ya jengo. Hupita kwenye mtandao wa simu. Kinachopita kwenye swichi ni kompyuta ya wakala, barua pepe zake, na nakala za vitambulisho anazochapisha kwa wateja. Hizo nazo zina thamani.

VLAN NI NINI

VLAN, ambayo mafundi huitamka "vilani", ni njia ya kuigawa swichi moja iwe kana kwamba ni swichi kadhaa zisizojuana. Tundu la chumba cha 1 huwekwa katika kundi moja, la chumba cha 2 katika kundi jingine. Mbiu inayopigwa katika kundi moja haisikiki katika kundi jingine. Ruta iliyochomekwa vibaya chumba cha 2 itamvuruga mpangaji wa chumba cha 2 peke yake.

Wazo hili lilibuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi W. David Sincoskie alipokuwa katika maabara za Bellcore nchini Marekani. Alitaka kuunganisha mitandao mikubwa, na suluhisho likawa kukibandika kila kifurushi cha data lebo yenye namba ya kundi lake. Mwaka 1998, taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango kiitwacho 802.1Q. Kiwango hicho ndicho kinachoziwezesha swichi za kampuni tofauti kuelewana hadi leo.

Lebo yenyewe ni ndogo: baiti 4 tu, zinazoingizwa ndani ya kifurushi. Biti 12 kati ya hizo ni za namba ya VLAN. Biti 12 hutoa namba 4,096, na kwa kuwa ya 0 na ya 4095 zimetengewa kazi maalumu, zinabaki 4,094 za kutumika. Biti nyingine 3 huonyesha kipaumbele, ili sauti ya simu isikwamishwe na mtu anayepakua filamu.

Msafirishaji wa mizigo kwa basi anaielewa kazi ya lebo bila mwalimu. Gunia linalopakiwa kwenda Malindi huandikwa jina na namba. Basi ni moja na mizigo ni ya watu wengi, lakini kila gunia hushushwa kwa mwenyewe. Mpokeaji hapewi gunia la mwenzake kwa sababu tu lilisafiri pamoja na lake.

MATUNDU YA AINA MBILI

Katika swichi iliyopangwa kwa VLAN, matundu huwa ya aina mbili.

Tundu la mteja ni la kundi moja pekee. Mteja hahitaji kujua chochote kuhusu lebo. Kompyuta yake hutuma data ya kawaida, swichi huibandika namba inapoingia, na huiondoa namba hiyo data inaporudi kwake.

Tundu la shina ni lile linalounganisha swichi na ruta, au swichi na swichi. Humo hupita data ya makundi yote kwenye waya mmoja, kila kifurushi kikiwa na lebo yake. Hii ndiyo sababu hakuna haja ya kuvuta waya kumi kutoka kwa ruta: shina moja linabeba matawi yote.

Si kila swichi inaweza kazi hii. Zile za bei ya chini zisizo na ukurasa wa mipangilio, ambazo huchomekwa umeme na kuanza kazi papo hapo, hazigawanyiki. Inayotakiwa ni swichi inayosimamiwa, yaani ile ambayo fundi anaweza kuingia kwa nywila na kuipanga. Zipo ndogo za matundu 5 au 8 zenye uwezo huu, kwa hiyo hata mtoa huduma mdogo anaweza kuanza nazo.

MFANO: JENGO LA VYUMBA VINANE

Chukulia jengo la kupangisha huko Mtopanga lenye nyumba nane, duka la wakala chini, na kamera nne zinazorekodi kwenye kinasa kimoja. Swichi ina matundu 16. Mpango unaofaa unaweza kuwa huu:

Matundu 1 hadi 8: nyumba nane, VLAN 101 hadi 108, kila nyumba na namba yake.
Tundu 9: duka la wakala, VLAN 30.
Tundu 10: kinasa cha kamera, VLAN 20.
Matundu 11 hadi 15: hayatumiki, yamezimwa.
Tundu 16: shina kwenda kwa ruta, likibeba namba zilizotajwa pamoja na VLAN 10, ambayo ni ya fundi pekee kwa usimamizi wa vifaa.

Kila kundi hupewa fungu lake la anwani za IP kwenye ruta. Kwa urahisi wa kukumbuka, namba ya VLAN huwekwa ndani ya anwani: nyumba ya kwanza ikiwa VLAN 101, anwani zake zinaweza kuanzia 10.10.101.1. Fundi atakayekuja miaka miwili baadaye ataona anwani na kujua papo hapo ni nyumba ipi.

Kazi hufuata mpangilio huu.

1. Kuchora mpango kwenye karatasi: tundu, namba, jina la nyumba.
2. Kuunda namba za VLAN kwenye swichi na kwenye ruta.
3. Kuliweka kila tundu la mteja katika kundi lake, na kuliondoa katika VLAN 1, ambamo swichi nyingi huweka matundu yote zinapotoka kiwandani.
4. Kuandaa shina na kuruhusu namba zinazohitajika tu.
5. Kugawa anwani za IP kwa kila kundi.
6. Kuweka kanuni za kuzuia makundi yasifikiane kupitia ruta.
7. Kubadilisha nywila za kiwandani, kuzima matundu yasiyotumika, na kuhifadhi nakala ya mipangilio.

Kuna tahadhari moja kwa mafundi. Aliyeunganishwa kwenye tundu analolibadilisha anaweza kujifungia nje ya swichi akiwa katikati ya kazi. Njia ya kuingilia kwa usimamizi iandaliwe na kujaribiwa kwanza. Katika vifaa vya MikroTik, vinavyotumiwa na watoa huduma wengi wadogo, uchujaji wa VLAN huwashwa mwisho kabisa, baada ya mengine yote kukaa sawa.

PALE KAZI INAPOHARIBIKIA

Hatua ya 6 hapo juu ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila hiyo kazi yote inaweza kuwa bure. Swichi hutenganisha makundi, lakini kazi ya ruta ni kuunganisha mitandao. Ruta yenye makundi kumi, isipokatazwa, kwa kawaida itampeleka mpangaji wa VLAN 101 hadi VLAN 102 kwa uaminifu kabisa, kama inavyompeleka nje kwenye intaneti. Milango imewekwa, lakini mlinzi anamfungulia kila anayebisha.

Kanuni inayohitajika ni fupi: kutoka VLAN ya mteja kwenda intaneti, ruhusu, kutoka VLAN ya mteja kwenda VLAN nyingine yoyote, zuia, kutoka VLAN ya mteja kwenda kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, zuia. Kamera nazo zisifikiwe ila na mwenye jengo au mlinzi aliyepewa ruhusa.

Kosa jingine ni kuongeza swichi ndogo isiyosimamiwa katikati. Fundi anaona nyumba mbili za ghorofa ya juu ziko karibu, anavuta waya mmoja na kuugawa huko kwa swichi ya bei rahisi. Nyumba hizo mbili zimerudi kuwa chumba kimoja, ingawa mpango wa chini ni mzuri.

Kosa la tatu ni kuisahau Wi-Fi. Wateja wa vocha wanaotumia antena moja ya mtaani huwa wamo katika kundi moja hata kama waya umetengwa. Vifaa vingi vya Wi-Fi vina chaguo la kuwatenga wateja wasionane. Chaguo hilo liwashwe. Swichi nyingi zinazosimamiwa zina chaguo linalofanana nalo: matundu ya wateja huruhusiwa kuzungumza na shina pekee, si wao kwa wao. Njia hii humfaa mtoa huduma asiyetaka kufungua VLAN moja kwa kila mteja.

Wateja wakizidi maelfu, hata namba 4,094 hazitoshi. Kwa ajili hiyo, mwaka 2005 IEEE iliidhinisha nyongeza ya 802.1ad, inayoruhusu lebo mbili juu ya kifurushi kimoja: ya nje ikiwa ya mtaa au mtoa huduma, ya ndani ikiwa ya mteja. Namba 101 ya jengo la Chaani na namba 101 ya jengo la Timbwani zinaweza kupita kwenye mkongo mmoja bila kuchanganyika.

KILE AMBACHO VLAN HAIFANYI

VLAN si usimbaji. Data inayopita kwenye shina inaweza kusomwa na anayesimamia swichi, kwa hiyo mteja bado anahitaji tovuti zenye alama ya mawasiliano salama na nywila imara. VLAN haizuii ulaghai unaokuja kwa ujumbe mfupi au kwa simu. Haiongezi kasi aliyoilipia mteja, ingawa hupunguza kelele za mbiu ndani ya jengo. Na haiponyi kompyuta ambayo tayari imeambukizwa. Huizuia tu isiwaambukize majirani.

Mpangaji mwenye ruta yake chumbani ana kinga ya ziada, kwa kuwa ruta hiyo hukinga vifaa vilivyo nyuma yake. Hata hivyo, ruta yenyewe bado iko kwenye waya wa pamoja, na tatizo la mtu kujifanya lango halijaondoka.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia data za watu aweke hatua za kiufundi na za kiutendaji za kuzilinda. Data zikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mwenye data, aliye na dhamana ya data hizo anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu.

Kwa upande wa mtumiaji, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inalifanya kosa la jinai kuingia katika kompyuta ya mtu au kunasa mawasiliano yake bila idhini. Kwamba mlango ulikuwa wazi si ruhusa ya kuingia. Anayeuza huduma ya intaneti kwa umma anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mkazi ana haki ya kuomba kuiona.

MASWALI YA KUMUULIZA MTOA HUDUMA

Mkazi hahitaji kuwa mtaalamu. Maswali matano yanatosha:

Swichi ya jengo hili ni inayosimamiwa au ya kawaida?
Nyumba yangu iko peke yake katika VLAN, au nimetengwa na majirani kwa njia nyingine?
Ruta imezuiwa isipitishe data kati ya nyumba na nyumba?
Kamera za jengo ziko kundi gani, na nani ana nywila?
Hitilafu ikitokea, nani anayeitwa, na nakala ya mipangilio iko wapi?

Mtoa huduma mzuri hujibu bila kukasirika. Anayejibu "usijali" hajajibu.

Wapangaji wawili wanaokubaliana wanaweza pia kupima wenyewe. Kila mmoja achomeke kompyuta yake moja kwa moja kwenye waya wa ukutani, bila kupitia ruta yake. Kisha mmoja atumie programu ya kuorodhesha vifaa vya mtandao. Akiona kifaa chake na lango pekee, ni dalili njema. Akiona kompyuta ya mwenzake, televisheni za majirani au kinasa cha kamera, nyumba hazijatengwa. Jaribio liishie kwenye orodha. Kujaribu kukifungua kifaa cha mtu asiyetoa idhini ni kosa.

Mwenye jengo naye ana nafasi yake. Anapoandikiana mkataba na mtoa huduma, sentensi moja inatosha kuokoa lawama za baadaye: kila nyumba itatengwa na nyingine, na mpango wa matundu utabandikwa ndani ya kabati la swichi. Kabati hilo liwe na kufuli, kwa kuwa anayeweza kuhamisha waya kwa mkono ameshaushinda mpango wote.

Malalamiko kuhusu huduma hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya data za mtu hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Wizi na ulaghai huripotiwa katika kituo cha polisi kilicho karibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ruta iliyochomekwa vibaya chumba kimoja inaweza kukata intaneti ya jengo zima?
2. Tundu la mteja na tundu la shina yanatofautianaje?
3. Fundi amegawa VLAN nane lakini nyumba bado zinafikiana. Atazame wapi kwanza?
4. Je, VLAN humkinga mtu anayetumiwa ujumbe wa ulaghai kwenye simu?

MAJIBU

1. Kwa sababu, bila kutengwa, anwani inazozigawa hufika katika kila tundu la swichi.
2. La mteja ni la kundi moja na data hutoka bila lebo; la shina hubeba makundi mengi, kila kifurushi na lebo yake.
3. Kwenye kanuni za ruta, na kisha kama kuna swichi isiyosimamiwa iliyoongezwa katikati.
4. Hapana. Hiyo ni kazi ya mwenye simu: kutotoa namba ya siri kwa yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wa benki au kampuni ya simu.